Mnunuzi wa Gari la Mzee Stoo

Watu wengi huniuliza kwa nini magari yaliyotumika yana bei mbaya hivi. Wanalaumu kodi, wanalaumu bandari, wanalaumu mabenki. Mimi hunyamaza, maana sababu yenyewe ninalala nayo kitanda kimoja na inakoroma.

Mume wangu alikuwa mtunza stoo wa hospitali mpaka alipostaafu. Kwa maneno mengine, maisha yake yote alilipwa mshahara kwa kukataa kutoa vitu. Muuguzi akienda kuomba glovu, kwanza aulizwe zile za mwezi uliopita alizipeleka wapi. Kwa mtu wa namna hiyo kitu kizuri ni kile kilichopo rafuni, kimepangwa, hakijaguswa. Mtaani wanamwita Mzee Stoo, na jina hilo analipenda kuliko alilopewa na wazazi wake.

Gari letu tulilinunua likiwa limeshatumiwa na watu wa nchi nyingine ambao, nadhani, walilichoka. Ni dogo, rangi ya maziwa, milango minne, na mmoja hufunguka kwa ndani tu. Mwanzoni tulilipanda kama watu wenye akili zao. Kisha jirani akanunua la aina ileile, la mwaka uleule, kwa bei kubwa kuliko tuliyolipa sisi. Mume wangu alirudi na habari ile mchana, akakaa mezani, akaniangalia, na hakula.

Kuanzia siku hiyo akawa mwanazuoni wa magari. Mimi ni fundi cherehani, ninashonea barazani, na mtu anayeshona hana pa kukimbilia. Alikuwa analeta kiti, anakaa mbele yangu, ananisomesha.

"Sikiliza, mama watoto. Gari jipya la dukani nani analiweza? Benki ikikukopesha, kwa riba ile utalipia gari la pili ambalo hata hulioni. Haya, uagize lililotumika. Likifika bandarini, serikali nayo inataka chake, karibu sawa na gari lenyewe. Na wameweka sheria, likizidi umri fulani haliingii. Pesa yetu nayo kila mwaka inanyong'onyea. Sasa haya yaliyokwisha kuingia yatafanya nini? Yatapanda."

"Lakini linazeeka," nikasema.

"Linazeeka, ndiyo. Ila vipuri vyake viko kila kona, na kila fundi wa kila kibanda analijua ndani nje. Kitu ambacho kila mtu anaweza kukitengeneza, kila mtu anakitaka."

Nilitaka kumuuliza bei yangu mimi imefikia wapi, lakini nilikuwa na sindano mdomoni.

Basi akaacha kuliendesha. Alisema kila kilomita ni pesa inayodondoka barabarani. Nikaambiwa nishone kifuniko, na mimi mjinga nikakishona, kwa turubai nzito, na pindo la mara mbili. Jumapili alikuwa anaingia chini ya kile kifuniko, anawasha injini, anaisikiliza kidogo, anazima, anatoka na uso wa mtu aliyetoka kusali. Mimi nikawa naenda kununua uzi kwa miguu, napita ubavuni mwa mali yetu na kapu kichwani.

Na si yeye peke yake. Mtaa mzima ulikuwa hivyo. Mwalimu mkuu ana lake, limefunikwa. Mama wa duka la dawa ana lake, limefunikwa. Wenyewe asubuhi wote wako kituoni wanasubiri basi, wanalalamika kwamba siku hizi magari hayapatikani.

Dalali wa mtaani, mtu mwenye simu tatu na viatu vyeupe, alikuwa analeta wateja. Hapo ndipo kifuniko kilipokuwa kinatoka. Mume wangu alikuwa anavaa shati la mikono mirefu, anafungua boneti, anawaacha waguse. Dalali anaimba wimbo wake, "Gari imetulia hii, haijagongwa, ilikuwa ya mama mmoja anaendea kanisani tu." Wanazunguka nalo mtaani, wanarudi, mteja anataja bei. Mume wangu anafumba macho kidogo, kama anaionja. Kisha anasema, "Hapana. Ngoja mwaka ujao. Mwaka ujao litapanda."

Ilinichukua muda kumwelewa. Hakuwa na mpango wa kuuza. Alichotaka ni kutajiwa bei.

Ningeendelea kucheka tu kama si dada yangu.

Dada ndiye aliyenilea na ndiye aliyenifundisha kushika mkasi. Anaishi mji wa pili, mwendo wa saa mbili kwa dereva wa kawaida. Aliuza vitambaa katika soko la mji ule mpaka moyo wake ulipochoka. Sizungumzii mapenzi, moyo kabisa, ule wa kupimwa na daktari. Daktari alimpa dawa nyingi na maneno machache, na moja katika hayo machache ni kwamba asipande basi, asisimame juani, asibanwe na watu. Kwa hiyo tangu mvua ziishe alikuwa ndani, yeye na mpangaji wake, muuguzi mmoja mwenye sauti ya kuamrisha. Mimi nilikuwa namfuata kwa basi kila nilipopata nafasi, tunakaa sebuleni, tunatazama pazia.

Siku moja akanipigia simu. "Mdogo wangu, unajua sokoni wanasema nimekufa?"

"Nani anasema?"

"Yule wa mashuka. Ameshawaambia wateja wangu wote. Amelia na machozi kabisa, halafu akasogeza meza yake kwenye nafasi yangu. Nataka kwenda wanione. Nataka kwenda na gari, nimevaa vizuri, nishushe kioo, niwasalimie."

"Tutakodi teksi, dada."

"Teksi dereva anahesabu dakika. Mtu aliyefufuka hafanyiwi haraka. Nataka gari la watu wangu, nikae humo mpaka nishibe." Kisha nikasikia anatafuta pumzi. "Sikuombi kila wiki. Mara moja tu."

Dada yangu hakuwahi kuniomba kitu. Hata nilipoolewa, yeye ndiye aliyetoa. Nilikata simu nikaenda moja kwa moja kwa mume wangu, ambaye alikuwa anafuta vumbi juu ya kifuniko cha kuzuia vumbi.

Nikamweleza. Alisikiliza vizuri, kwa sababu anamheshimu dada yangu. Kisha akasema, "Pole yake. Kwenda na kurudi ni kilomita nyingi sana, mama watoto. Na barabara ile ina kokoto. Kokoto moja ikiruka ikapiga rangi, hapo umeshuka. Nitakulipia basi. Kiti cha mbele."

Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika, na mengine yalimhusu marehemu bibi yake. Siku ile chakula alijipakulia mwenyewe. Nilishona gauni la mteja mkono wa kulia kwenye bega la kushoto, nikafumua, nikalia, nikashona tena. Niliona kabisa dada yangu atakufa kweli, yule wa mashuka aonekane msema kweli, na gari letu litakuwa bado linapanda bei chini ya turubai.

Asubuhi yake dalali akaja na mteja. Kifuniko kikatoka. Shati la mikono mirefu likavaliwa. Gari likazungushwa mtaani, likarudi, bei ikatajwa, ikakataliwa. Nikasimamisha cherehani. Mume wangu hakuwa tayari kulitoa gari kwa ajili ya mgonjwa, wala kwa ajili ya mke, ila kwa mnunuzi alilitoa hata kabla ya chai.

Nikampigia dada. Alicheka mpaka nikaogopa.

Simu ya mume wangu ililia Jumatano, tukiwa barazani. Aliiweka kwenye spika kwa sababu masikio yake yamestaafu pamoja naye.

"Naongea na mwenye gari la rangi ya maziwa?" Ilikuwa sauti ya muuguzi, mpangaji wa dada, ila siku hiyo ilikuwa imevaa suti. "Mimi ni katibu wa mama mmoja mfanyabiashara wa vitambaa. Tumelisikia gari lako."

"Limefika mpaka huko?" Mume wangu alijishika kifua.

"Sifa zake zimefika. Mama yuko tayari," na hapo akataja bei. Siitaji hapa, maana mtu anaweza kusoma akiwa amesimama. Mume wangu alikuwa amesimama na ilibidi akae, akakalia mto wangu wa kuchomekea pini.

Aliruka, akajikaza, akaongea kwa sauti nyembamba. "Basi... aje alione."

"Mama hasafiri. Yeye huletewa. Uje Jumamosi, tukutane kituo cha mafuta unapoingia mjini. Na uje na mkeo. Mama hanunui gari bila kumwona mwanamke aliyekuwa anakalia kiti cha mbele."

Mume wangu alikata simu, akanigeukia na macho yamemtoka. "Umesikia? Wanunuzi wakubwa wana utaratibu wao."

"Lakini kilomita," nikasema. "Na kokoto."

"Mama watoto, hii ni biashara."

Jumamosi tuliondoka. Alikuwa amelipiga maji na sabuni mpaka ule mlango mbovu ukafunguka wenyewe kwa woga. Alinitandikia gazeti miguuni. Nilikatazwa kunywa maji, nilikatazwa kushika kioo, na nilipokaribia kupiga chafya aliniomba nigeukie nje. Saa mbili za watu wengine sisi tulizifanya nne. Malori yalitupita, baiskeli mbili zilitupita, na kila lilipotupita gari jipya alilisikitikia.

"Unaona yule? Akilitoa tu dukani limeshashuka. Sisi hapa tunapanda hata tukiwa tunatembea."

Muuguzi alikuwa anatusubiri kituo cha mafuta, na miwani ya jua na jalada kubwa kwapani ambalo najua lilikuwa na ratiba za zamu za wodini. Mume wangu hakuwahi kumwona, maana mimi ndiye niliyekuwa nakuja, kwa basi. Alimfungulia mlango kama waziri. Akaelekeza kulia, akaelekeza kushoto. Tulipoingia mtaa wa miti mirefu, mume wangu akapunguza mwendo, jambo ambalo sikudhani linawezekana.

"Huu si mtaa wa dada yako?"

"Ndiyo," nikasema.

"Tajiri naye anakaa huku?"

Muuguzi akamwonyesha geti kwa kidole. Dada alikuwa amesimama mbele ya geti lake, ameshika fimbo, kitenge kipya, kilemba kimekaa, mkoba mkononi. Alikuwa amekonda. Kila nikimwona huwa nasahau kwamba amekonda, kisha namwona tena.

Mume wangu alizima injini. Alimtazama dada, akamtazama muuguzi ambaye alikuwa anavua miwani, akanitazama mimi. Masikio yalimbadilika rangi. Nilijua kinachokuja, na nilikuwa nimejiandaa, nina maneno yangu tangu Jumatano. Lakini dada hakumpa nafasi. Aligonga boneti kwa fimbo.

"Karibu, shemeji. Ndiye wewe unayeuza?"

"Shemeji," alianza mume wangu, "hili jambo mmenifanyia..."

"Mmiliki wa kwanza nani?"

"Mimi. Hapa nchini ni mimi," akasema, kabla hajajizuia.

"Limewahi kugongwa?"

"Hata kuguswa. Shemeji, sikiliza..."

"Mbona tairi la nyuma limekaa hivi? Fungua huku mbele. Haya mafuta ulibadilisha lini?"

Na yule mtu akashuka. Naapa alishuka akiwa amekasirika, lakini mkono wake tayari ulikuwa unatafuta kifungo cha boneti. Hajawahi katika maisha yake kumwacha mtu aulize swali kuhusu gari lile bila kumjibu. Alimwonyesha injini, akamwonyesha betri, akamweleza habari za vipuri na kila fundi wa kila kibanda. Dada alikuwa anaguna kama wanavyoguna wanunuzi wote, ule mguno wa kushusha bei. Muuguzi alikuwa anaandika kwenye ratiba za zamu.

"Maneno nimesikia," dada akasema mwisho. "Sasa tulijaribu. Mimi siwezi kununua gari likiwa limesimama."

Alipanda mbele, mimi na muuguzi nyuma. Mume wangu alimshikia mkono akae, na hapo nilimwona anashtuka. Mkono wa dada ulikuwa mwepesi mno. Alimfunga mkanda taratibu, na gazeti la miguuni akasahau kulinyoosha.

"Twende wapi?" akauliza.

"Sokoni."

Soko la mji ule lina barabara moja tu inayopita katikati, na mume wangu aliiingia kwa mwendo wake uleule. Kwa mara ya kwanza nilimshukuru Mungu kwa mwendo ule. Dada akashusha kioo. Wa nyanya alikuwa wa kwanza kumwona, akaacha mzani juu juu. Wa vyombo akamwita mwenzake. Habari ilitutangulia, na tulipofika kwenye vitambaa watu walikuwa wamejipanga pande mbili, na yule wa mashuka alikuwa amesimama nyuma ya meza yake, iliyoko mahali pa dada, na shuka mkononi limening'inia.

"Hujambo," dada akamwambia.

Mama wa watu akalikumbatia lile shuka kifuani.

"Nasikia ulinililia sana. Asante. Simamisha gari, shemeji, nimsalimie vizuri."

Alimsalimia vizuri kwa muda mrefu. Alimuuliza watoto mmoja mmoja. Alimuuliza msiba ulikwendaje, na nani alichanga. Wenzake wa zamani walisogea, wakamshika mkono dirishani, wengine wanacheka, wengine machozi yanawatoka. Mwenye duka la saruji alipita upande wa pili, akamwinamia mume wangu, akamuuliza kama gari linauzwa, akataja bei hapohapo. Mwingine nyuma yake akapandisha. Nilisubiri mume wangu afumbe macho.

"Subirini," akawaambia. "Mnamzuilia hewa."

Baada ya soko dada alitaka kupita shule aliyosoma, kisha daraja jipya ambalo alikuwa amelisikia redioni tu, kisha barabara ya juu ambako mji wote unaonekana. Mume wangu alikuwa anamuuliza kila mara, "Hapo vipi, nipandishe kioo kidogo?" Huko juu tulisimama. Dada alikuwa anatuonyesha nyumba za watu na kutueleza siri zao, na muuguzi akacheka mpaka jalada likamwanguka, karatasi zikaruka nje, na hakuna aliyezifuata.

Tuliporudi getini jua lilikuwa limelegea. Nilidhani sasa ndio ugomvi utaanza, na nilikuwa tayari kuubeba wote, kwa kuwa siku ilikuwa imenilipa. Mume wangu alizima injini lakini hakushuka. Dada naye hakushuka.

"Haya, shemeji," dada akasema. "Tuongee kiume. Ile bei aliyokutajia katibu wangu, nikikuwekea mezani leo, utaniuzia?"

Najua alikuwa anamtania. Lakini mume wangu huwa hataniwi kuhusu gari. Alifikiri kweli kweli, mikono kwenye usukani, na mazoea ya miaka mingi yakamtoka mdomoni kabla hajayaona.

"Kusema ukweli, shemeji, ngoja mwaka ujao. Mwaka ujao litapanda."

"Mwaka ujao mimi sitakuwepo," dada akasema.

Alisema kama mtu anayekwambia Jumanne hatakuwa nyumbani. Muuguzi alitazama nje. Mimi nilitaka kusema dada usiongee hivyo, lakini ningekuwa nasema uongo. Mume wangu hakugeuka. Niliona shingo yake kwa nyuma, ile shingo ngumu ninayoijua, ikiinama kidogo kidogo.

 Kisha dada akapapasa dashibodi kwa kiganja, akagonga kioo, akaguna ule mguno wake.

"Na tena breki zako sijaziridhia," akasema. "Siwezi kuamua kwa siku moja. Mnunuzi mwenye akili hujaribu gari zaidi ya mara moja."

Mume wangu alijifuta uso kwa shati la mikono mirefu. Alishuka, akazunguka mbele ya gari, akamfungulia mlango, akamshika kiwiko.

"Jumamosi ijayo," akamwambia. "Nije saa ngapi?"